Bidoni Moja, Kamba Mbili

Kitabu changu cha lugha ya programu za kompyuta kiliandikwa kwa Kifaransa, na nilizimaliza sura zake sita za kwanza peke yangu, bila mwalimu. Sura ya saba, inayoeleza jinsi orodha zinavyokaa ndani ya kompyuta, niliiruka. Niliona imeandikwa kwa ajili ya wenye vichwa vizito. Siku hiyo hiyo nikabandika ubeti wangu ukutani mwa biro, ofisi ya komiti:

Lugha nimeikamata,
hakuna wa kunipita.

Ilikuwa 2017. Watu waliokimbia vita waliingia mji wetu wa Kalemie kila wiki kwa barabara ya Niemba, na komiti ya mtaa wetu ilikuwa na kompyuta moja tu. Ufunguo wa biro niliuvaa shingoni. Mama Clémence, mkuu wa komiti, alinipa kwa sharti moja: niandike programu ya kuchambua familia mia tatu themanini za wakimbizi, ionyeshe zipi hazijapata bashi, lile turubai la kuezekea. Lori la mabashi lingefika Jumamosi.

"Ikishindwa, ufunguo unarudi kwangu," alisema, "na hiyo mashine itaandika barua tu."

"Mama, haitashindwa. Mimi njo Onésime!"

Djamila, karani wetu, alikuwa ameandika familia hizo zote kwenye kaye, daftari lake, kwa kalamu. Hakuinua hata macho. "Tutaona, Papa Mashairi."

Alhamisi nikaijaribu. Orodha ya kwanza niliiita wote. Ya pili niliiita leo, nikaandika kwamba leo ni sawa na wote, kisha nikaiamuru mashine iondoe katika leo kila familia iliyokwisha kupata bashi. Leo ikabaki na familia mia mbili na kumi na mbili. Barabara kabisa! Nikaanza kuimba. Halafu nikafungua wote, ambayo sikuigusa.

Mia mbili na kumi na mbili.

Tena programu ilikuwa imekwisha kuandika juu ya faili la zamani. Familia mia moja sitini na nane hazikuwepo tena.

"Vita imewafukuza mara moja," Djamila alisema, "na wewe umewafukuza mara ya pili."

Akafungua kaye yake, akaanza kunisomea majina, nami nikayaandika upya hadi vidole vikauma. Safari hii niliweka nakala ya faili kando. Nikajaribu tena. Mia mbili na kumi na mbili kila upande. Nikaipiga meza ngumi. Meza haikujibu.

Ijumaa asubuhi nilikwenda bombani na hasira zangu. Bidoni, madumu ya maji, zilikuwa zimepangwa mstari, kila moja na alama ya mwenyewe. Papa Hubert, mzee aliyestaafu kazi ya reli, alikuwa anafoka.

"Nani amemwaga maji yangu? Bidoni yangu ina kamba nyekundu, niliijaza mimi mwenyewe!"

"Ya kwako sijaigusa," mke wake akajibu. "Nimemgawia jirani kutoka kwa ya kwangu, yenye kamba ya buluu."

Mama Pétronille, mlinzi wa bomba, akainyanyua bidoni juu kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari. Kwenye mpini zilining'inia kamba zote mbili, nyekundu na ya buluu.

"Ninyi mulioana lini? Bidoni ni moja! Kamba hazizai bidoni!"

Watu walicheka mpaka mstari ukavurugika. Mimi sikucheka. Nilikuwa nakimbia, na bidoni yangu tupu ikinigonga mguuni.

Wote na leo zilikuwa kamba mbili! Orodha ilikuwa moja. Nilifungua sura ya saba, na ukurasa wa kwanza ulieleza jambo hilo hilo, polepole, kama vile mwandishi ananijua. Nikaongeza neno moja la kunakili, nikabonyeza. Wote: mia tatu themanini. Leo: mia mbili na kumi na mbili.

Jumamosi mabashi yaligawiwa bila ugomvi. Mama Clémence akanyoosha mkono.

"Lete ufunguo."

"Lakini Mama, imefanya kazi!"

"Imefanya. Na bila kaye ya Djamila?"

Nikavua kamba shingoni, nikampa. Akautoa ufunguo kwenye kamba yangu, akauvalisha kamba mbili, nyeusi na ya kijani.

"Nyeusi ya kwako, kijani ya Djamila. Musinililie kwamba mumoja amepoteza wa mwenzake."

Djamila akavuta kiti karibu na mashine. "Sura ya nane inasema nini?"

Nilitaka kumwambia naijua. Lakini macho yangu yalikuwa ukutani. Mstari wangu wa pili ulikuwa umekatwa kwa penseli, na chini yake umeandikwa mwingine, kwa mwandiko wa Djamila:

mkia tu umepata.

Nikahesabu mizani kwa vidole. Nane. Kina nacho kilikaa. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Sijui," nikasema. "Sogea, tusome."