Sahani ya Jumamosi

Ijumaa jioni Nesi alinipigia simu akaniambia kesho tunatoka, sote wanne, na yeye ndiye anayetualika. Machale yakanicheza hapo hapo.

Nesi ni dada yetu mkubwa katika jiji hili la watu. Anahudumia vikongwe katika nyumba ya wazee, na Jumamosi yake huwa ni ya kulala mpaka jua ligeuke. Miaka sita nimemjua, hajawahi kuniambia twende tukatembee. Isitoshe ana mkono wa birika, ukimwomba chumvi anakuuliza kwanza unapika nini. Mtu kama huyo hatualiki hivi hivi.

Mimi ni fundi wa lifti. Wenzangu wakiingia kwenye lifti wanajitazama kwenye kioo, mimi nasikiliza kama kuna kitu kimelegea juu. Kushuku ndiyo kazi inayonilisha, na ndiyo maana rafiki zangu wananiita Mpelelezi. Lakini safari hii nilikuwa na sababu zaidi ya mazoea. Mama yangu alifanyiwa operesheni ya nyonga Jumatano, kule nyumbani. Alhamisi niliongea naye kwa simu ya dada yangu, sauti imechoka lakini ni yake, akaniuliza kama nakula. Ijumaa simu ya dada haikupatikana kutwa nzima.

Na sisi watu wa ugenini tuna utaratibu wetu. Mwenzetu akifiwa nyumbani, haambiwi kwa simu akiwa peke yake chumbani. Ndugu zake humpigia rafiki mmoja, huyo rafiki anawaita wengine, wanamtoa mtu wao, wanamtembeza, wanamlisha mpaka ashibe, kwa sababu wanajua baada ya hapo hatagusa chakula siku mbili. Mmoja huku nyuma anahangaika na tiketi. Akimaliza sahani, ndipo anaambiwa. Mwaka jana tulimfanyia hivyo Fundi Bomba, baba yake alipofariki. Simu yake niliishika mimi mwenyewe, kwa kisingizio kwamba naichaji. Maskini, siku ile alicheka sana, akasema tangu aje huku hajawahi kufurahi namna ile.

Kwa hiyo Nesi aliponiambia kesho tunatoka, sikuuliza tunakwenda wapi. Nilitaka kuuliza nani amekufa, nikauliza tukutane saa ngapi.

Asubuhi Kinyozi alinikalisha karibu na dirisha, akanifunga taulo shingoni, akaanza kuninyoa. Tunaishi naye chumba kimoja mwaka wa nne sasa, na huyu ni mtu wa porojo. Hunyolewi naye bila kusikia habari za nusu ya mtaa. Asubuhi hiyo alikuwa kimya.

"Mbona leo umemeza ulimi?" nikamuuliza.

"Nataka upendeze."

"Kwani leo kuna nini?"

"Hakuna kitu. Tunatembea tu."

Akanipangusa nywele shingoni taratibu, kisha mkono wake ukabaki begani kwangu muda mrefu kuliko kawaida. Nikajua na huyu yumo kwenye njama.

Kinyozi hajawahi kuonana na mama yangu. Lakini kila nikipiga simu nyumbani, hata awe anakaanga kitu jikoni, atapaza sauti: "Mwambie mama namsalimia!" Nami nikimsikia anaongea na mama yake, nafanya hivyo hivyo. Yule mama ananiita mwanangu wa lifti, na kila mara anamwagiza mwanawe aniambie nisiziamini kamba zile.

Tulikutana kituo cha treni. Nesi alikuwa amevaa gauni la maua na amebeba mfuko mkubwa wa begani. Dereva alikuwa naye. Huyu Dereva anaendesha basi la jiji, mtu mnene, mcheshi, lakini siku hiyo alitusalimia kama tupo kwenye mahojiano.

"Leo hakuna simu," Nesi akatangaza, akaufungua mfuko. "Tumekuja kustarehe. Leteni zote hapa."

Kinyozi akatumbukiza ya kwake bila ubishi. Mimi nikaishika yangu mpaka Nesi akanikazia macho, nikaachia. Dereva hakutoa.

"Na yeye je?"

"Nasubiri kupangiwa zamu," Dereva akasema.

"Zamu zenu zinabandikwa Jumatatu."

"Mpelelezi, leo pumzika bwana." Akacheka, akatazama kwingine.

Kwenye bustani kubwa kuna bwawa, na kwenye bwawa kuna vile vimashua vya watu wawili wawili, vinavyokanyagwa kama baiskeli. Nesi ndiye aliyetupanga: mimi na Kinyozi, yeye na Dereva. Jua lilikuwa zuri, watu wanapiga kelele za raha, na mimi nilikuwa nawachungulia wale wawili. Mashua ya kina Nesi ilielea mbali kidogo na yetu. Hawakuwa hata wanakanyaga. Dereva alikuwa na simu sikioni, Nesi anaandika kwenye kikaratasi alichokiweka juu ya goti. Saa ya ndege, nikajiambia. Anaandika saa ya ndege.

Nikaacha kukanyaga. Kinyozi akaendelea, kwa hiyo tukaanza kuzunguka mahali pamoja.

"Kaka, sema ukweli," nikamwambia. "Mama yangu amekufa?"

Akasimamisha miguu. "Sijui. Haki ya Mungu, sijaambiwa kitu."

"Sasa mbona umeninyoa kama bwana harusi?"

"Kwani mimi sina macho? Nesi atualike? Halafu simu zikusanywe? Nikakumbuka operesheni ya mama, nikaona ni yale yale ya Fundi Bomba." Akakitazama kichwa changu. "Nikasema kama ndiyo hivyo, kaka yangu asiende nyumbani na kichwa kama kichaka. Na kazini nimeshaomba ruhusa mpaka Jumatano. Hutakaa peke yako hata kidogo, unanisikia?"

Nilimwamini. Kinyozi ukimpa siri asubuhi, mteja wa tatu anaondoka nayo kabla ya saa sita. Hata ningekuwa mimi ndiye Nesi, nisingemwambia. Ila uchungu wote niliokuwa nao uligeuka hasira kwa wale wawili. Nikamwambia Kinyozi kanyaga, naye akakanyaga bila kuuliza, tukawaendea mbio mpaka tukawagonga ubavuni. Nesi akapiga ukelele na kukikunja kile kikaratasi.

"Una wazimu?" Dereva akafoka, simu kaificha kifuani.

"Tunastarehe," nikamjibu.

Mchana wakatupeleka kula kwenye mgahawa ulio ghorofa ya ishirini ya jengo moja jipya. Ndani ya lifti nilitega masikio kama kawaida yangu. Ilikuwa nzima kabisa, haina mtikisiko wala mlio, na hilo nalo likaniudhi. Nilitaka ikwame. Ningewaweka humo wote hata saa nne, bila habari yoyote.

Tulikaa kando ya dirisha. Nesi akaagiza wali na kuku, sahani nne zilizojaa, akatukaribisha kwa upole nisiouzoea kwake. Hapo ndipo roho iliponiruka. Siku ya Fundi Bomba, Dereva alipotaka kuanza kusema, Nesi alimfinya chini ya meza na kumnong'oneza: mwache amalize sahani. Nilimsikia kwa masikio yangu.

Basi nikaamua sitamaliza. Ni ujinga, najua, lakini siku hiyo ndiyo hesabu niliyokuwa nayo. Wali ukiwa bado kwenye sahani yangu, mama alikuwa hai. Nilichukua punje mbili tatu, nikatafuna mpaka zikawa maji, nikaweka kijiko chini. Nikanywa maji. Nikaulizia choo, nikaenda nikaosha uso, nikarudi. Kuku wangu alikuwa mzima kama alivyoletwa.

"Kula basi, mdogo wangu," Nesi akasema.

"Nakula. Mnanikimbizia wapi?"

Kinyozi hakuwa na mchezo. Alikula haraka, kichwa chini, kama mtu mwenye kazi inayomsubiri. Nilijua anachofanya. Alitaka awe amemaliza, mikono yake iwe safi, kabla ya mimi kuambiwa. Alipomaliza akajifuta vidole kimoja kimoja, akavuta kiti chake mpaka kikagusana na changu, akaushika mkono wangu juu ya meza.

"Niko hapa," akaninong'oneza.

Nikainua macho nimtazame Nesi. Nilitegemea kumkuta anaikodolea sahani yangu. Alikuwa anaitazama sahani ya Kinyozi. Ilikuwa tupu, mifupa imewekwa pembeni vizuri.

Nesi akamtazama Dereva. Dereva akaitikia kwa kichwa, akalaza simu mezani. Nesi akasimama, akaizunguka meza, akafika nyuma ya kiti changu. Hakusimama hapo. Akapita.

Nilifurahi. Nikatae ili iweje? Nilifurahi mwili mzima, nusura nicheke mbele ya watu. Kisha nikauona mkono wa Kinyozi, bado umeushika wangu.

Nesi akachuchumaa kando yake. "Mdogo wangu," akasema, "kaka yako alinipigia jana. Ni habari ya mama."

Kinyozi akanigeukia. "Mama yake?"

"Mama yako. Presha ilipanda ghafla jana asubuhi. Hawakuwahi hata kumfikisha hospitali. Tiketi yako imepatikana, ndege ni jioni hii, Dereva atakupeleka."

"Hapana, dada," Kinyozi akasema kwa sauti ya kawaida tu, kama anamwelekeza mteja aliyekaa kiti kisicho chake. "Mama yangu haumwi. Anayeumwa ni mama yake huyu."

Akatutazama mmoja mmoja, na alipofika kwangu nikashindwa kumtazama. Hapo akaelewa. Akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa meza, mabega yakaanza kumtikisika, lakini mkono wangu hakuuachia. Siku nzima yeye alikuwa ananililia mimi, na mimi siku nzima nilikuwa najililia mwenyewe.

Mfuko wa Nesi ukaanza kulia. Akauvuta, akapekua, akaitoa simu yangu. Kwenye kioo palikuwa pameandikwa "Dada". Akaniwekea mezani, nikaiacha ilie mpaka ikakata. Ikalia tena.

Kinyozi akainua uso uliolowa. "Pokea."

"Atapiga baadaye."

"Pokea, kaka."

Sikuweza. Akaichukua yeye, akabonyeza, akaniwekea sikioni kwa mkono wake mwenyewe.

"Mwanangu," mama akasema, sauti kubwa, ya mtu aliyelala vizuri, "hii simu ya dada yako ilitumbukia kwenye beseni la nguo, tangu jana imezikwa kwenye mchele ikauke. Naona umepiga mara hamsini. Mimi mzima, leo nimesimama. Wewe umekula?"

"Nakula, mama," nikasema.

Simu yangu ina sauti kubwa, kila aliyekuwa mezani alimsikia. Kinyozi akajifuta pua kwa kiganja, akalisogelea sikio langu.

"Mwambie mama namsalimia."

Nikamwambia. Mama akaitikia salamu zake, akamwombea heri kama siku zote. Kisha akauliza, "Mbona leo sauti yake ndogo hivyo?"