Masomo Yaliyokwama Chini ya Bati

Kagaruki alifika shuleni saa nne, daftari jipya kwapani, gambuti zina matope ya kibanjani. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Akakaa dawati la nyuma, magoti yakikaribia kidevu, akangoja zamu yake kama wazazi wengine.

Mambo yalianza na msanifu wa majengo, Bwana Julius, aliyetoka Bukoba na rimu mbili za karatasi. Mradi unajenga darasa la kisasa hapa Muleba, alisema, na wanafunzi ndio watakaolibuni. Watoto hamsini wakachora. Mmoja alichora goli. Arobaini na tisa walichora dari, maana mvua ya kwao ikipiga bati, mwalimu hubaki kuchezesha midomo kama sato ziwani.

Ili msanifu aelewe, darasa la sita na Mwalimu Benigna walisuka mikeka ya majani makavu ya migomba, wakaipachika chini ya bati la darasa lao la zamani. Mkeka wa tatu ulipokaa, masomo yakaanza kudondoka. Kila neno lililomezwa na mvua lilikuwa limekwama kule juu. Kwa kuwa yalidondoka kwa mpangilio wa miaka, Mwalimu Benigna alibandika ratiba mlangoni, wenye masomo yao wayafuate.

La Kagaruki lilidondoka saa nne na nusu, kwa sauti ya Mwalimu Elieza, marehemu tangu 2003, na kikohozi chake kilekile. "Kugawanya sehemu: ile ya pili unaipindua, halafu unazidisha."

Kagaruki akangoja. Hakikufuata kitu.

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu, waitu," alisema Mwalimu Benigna. "Andika."

Akaandika. Maswali manne ya mtihani wa darasa la saba, 1996, yalitaka hicho tu. Kwa kuyakosa aliitwa mbumbumbu na baba yake, na shemeji yake, na padri mmoja mwenye haraka. Mwishowe akajiita mwenyewe. Wote anawakumbuka, na siku zenyewe. Sasa ilibidi aongeze kwenye orodha aliyeezeka lile bati.

Bwana Julius aliporudi kukagua, mvua ilikuwa inamwagika, na mle ndani chaki ilisikika ubaoni. Akapiga picha.

"Andika dari," Kagaruki alimwambia. "Dativa wangu anaingia la saba mwakani, humo kwenye darasa lenu jipya."

"Mzee, dari haimo kwenye ramani."

"Ramani si hii ya watoto?"

"Ramani ilikuja imeshagongwa muhuri."

"Sasa mliwachoresha ya nini?"

"Tuliwashirikisha."

"Afadhali kuku. Yeye hatumwulizi anataka kupikwa chungu gani."

Bwana Julius alicheka sana, akaiandika kauli hiyo kama maoni ya jamii.

Januari darasa likakamilika: vigae, madirisha mapana, bati la bluu. Michoro arobaini na tisa ya dari ilitiwa fremu, ikatundikwa ukutani, inapendeza kweli. Mikeka ilikatazwa humo, isije ikafunika nembo ya mradi iliyochorwa chini ya bati. Darasa la zamani, kwa kuwa nalo halimo kwenye ramani, likabomolewa.

Machi mvua ilishuka. Kagaruki alisimama dirishani. Maneno yalimtoka Mwalimu Benigna, yakapanda moja moja, yakajipanga chini ya bati kama popo. Dativa aliyasindikiza kwa macho. Lingekuwa somo la kugawanya sehemu, babake angemfundisha mwenyewe. Lilikuwa la ujazo wa pipa.

Jioni alifungua ukurasa mtupu wa daftari la binti yake, akaandika kwa mwandiko wa taratibu: *Jumanne, saa tano, kenchi ya pili ya paa kutoka mlangoni.*

"Ya nini, taata?"

"Ukifika miaka arobaini," alisema, "usije ukahangaika kulitafuta somo lako."