Picha za Abiria wa Chini

Jumatatu, saa tatu kasoro robo, mpigapicha alikuwa akimnyooshea kola mteja wa picha ya pasipoti, mpwa wake alipoingia studio na kamera iliyofungwa ndani ya kasha la plastiki nene.

"Mama mdogo, hii haiingii maji," alisema. "Wewe unajua kupiga picha. Mimi najua kuzamia tu."

Mpigapicha alirudi kwenye kola. Miaka kumi na moja tangu feri izame na dada yake, mama wa binti huyu, hakuwa ameikaribia bahari. Hata kuoga alioga kwa kikombe, kidogo kidogo, kama mtu anayemwagilia mche. Binti naye, kwa ukaidi wa ujana, alichagua kazi ya kukwangua mwani kwenye matumbo ya meli.

"Juzi nilifika kwenye ile feri," aliendelea. "Wamekaa tu, wote. Mama ameuliza mbona huji."

Mteja alisema ni kweli, shangazi yake yuko huko pia, akalipa, akaenda zake.

Wakaanza mazoezi. Siku ya kwanza mpigapicha aliingia maji ya magoti, akatapika. Siku ya tano yalimfika kiunoni, akamporomoshea mpwa wake matusi ambayo hakujua kama anayajua. Siku ya kumi na tisa alizama, na hofu ikamtoka pamoja na mapovu. Mwanga wa huko chini ulikuwa laini kuliko taa yoyote aliyowahi kununua. Alipiga picha ya mwani, ya kaa, ya kiatu, akasahau kuogopa.

Ndani ya feri, abiria walipoiona kamera walijiweka sawa kwenye viti. Mzee mmoja alifunga vifungo vya koti. Dada yake alikuwa safu ya tatu, mkoba mapajani. Mpigapicha alimwonyesha ainue kidevu, akainua. Kisha dada akanyoosha kidole kwenye kabati la ukutani.

Ndani ya kabati, nyuma ya wavu wa chuma, majaketi ya kujiokolea yalikuwa yamepangwa vizuri, mamia. Mlangoni palikuwa na kufuli la ukubwa wa ngumi. Mbao zote kulizunguka zilikuwa na alama za kucha.

Ripoti ya ajali ilisema abiria walikataa kuyavaa.

Alibonyeza mara moja tu.

Kesho yake alimpelekea picha meneja wa kampuni ya feri. Meneja aliinua miwani, akaitazama kwa makini.

"Picha kali hii, mama. Haina ukungu hata kidogo."

"Na kufuli?"

"La kuzuia wizi. Abiria wanaiba majaketi, hujui?"

"Kwenye feri mpya je?"

"Huko tumeboresha," alisema meneja. "Tumeweka mawili."

Kule chini mpigapicha alikaa dakika arobaini bila kutetemeka. Hapa, kwenye kiti kikavu, alishikilia ukingo wa meza mpaka karani akamletea maji. Hakuyanywa.

Siku hizi huzamia kila Jumamosi na orodha ya jamaa wanaotaka picha za watu wao. Saa nne feri mpya hupita juu, imejaa hadi ngazini, na kivuli chake hufunika nyuso zote. Mpigapicha husubiri kipite. Abiria wa chini hutazama juu, kisha husogeleana kwenye viti, wakiacha nafasi.