Sifa Aliyonyimwa Mbonigaba

Katika vilima vya Nyabiondo hapakuwa na ulimi ulioaminiwa kuliko wa Drocella. Aliyetengeneza pombe ya harusi au ya matanga alimpelekea kibuyu. Naye huonja funda moja, akasema imeiva au bado, na neno hilo likatosha. Ndiyo maana Jérôme, mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka kando ya barabara, alipopata bia ya Ulaya hakumwendea mwingine. Alikuja kwa pikipiki, na chupa moja imezungushiwa kitambaa kibichi.

Jumamosi ile wakwe wa Kirolirwe wangeleta ng'ombe wa mahari ya Muhawenimana, binti wa Drocella. Mbonigaba, mume wa Drocella, alikwisha kukamua ndizi, na kasiksi yake, pombe ya ndizi, ilikuwa ikiumuka mtunguni, imefunikwa kwa majani ya mgomba. Aliketi mlangoni akinoa panga.

Jérôme alifungua chupa akanywa funda la kwanza, kama ilivyompasa kila anayempa mwenziwe kinywaji, ili ijulikane hakina sumu. Kisha akampa Drocella. Kwenye mtungi desturi hiyo haina neno, maana kila mtu ana mrija wake. Chupa ina kinywa kimoja tu. Mbonigaba aliiona midomo ikifuata midomo, na panga likasimama juu ya jiwe.

Drocella alifumba macho.

"Aa, Papa Jérôme! Inaanza na uchungu kidogo, sawa majani mabichi. Kisha inakuja harufu ya mukate ya moto. Na nyuma kabisa, asali. Inateremuka polepole, haina haraka."

"Mama, bakwe bakikunywa hii, bataongeza ng'ombe!" Jérôme akacheka. "Papa Mbonigaba, na weye onja."

Mbonigaba akaonja. Ilikuwa nzuri kweli, na uzuri wake ndio uliomchoma. Mkewe hakukosea hata neno moja.

"Maji," akasema, akimrudishia mkewe chupa. "Maji ya kuosha masahani."

"Maji gani inaacha povu ku ndevu, Papa?" Jérôme akawasha pikipiki. "Mimi nangoja neno yenu."

Mlio ulipopotea nyuma ya mashamba ya maharagwe, Mbonigaba alisimama.

"Miaka makumi mbili na ine nakutengenezea pombe. Makumi mbili na ine! Unaniambiaka nini? 'Imeiva.' Njo vile tu. Leo muntu wa duka anakuja na kachupa, unamwimbia sawa muko kanisani!"

"Uko na wivu ya bia, Baba Muhawenimana?" Drocella akacheka.

"Niko na wivu ya kinywa yako."

Drocella hakucheka tena. Aliweka chupa chini.

"Mama yangu alinifundisha: pombe haisifiwe kama bageni habajakunywa. Ukiisifu ikiwa mu mutungi, inachacha. Ya Jérôme imekwisha kuiva, haiwezi kusikia. Yako iko inasikia. Na bageni bakimaliza kunywa, weye umekwisha kulala; nikusifu saa ngapi?"

Mtu mwingine angeridhika. Lakini wivu haushibi kwa sababu njema. Hutaka kulishwa kwa mkono.

"Basi sema sasa."

"Bakwe banakuja Jumamosi. Unataka tubapatie siki?"

"Sema, Drocella. Ao sema kama hakuna kitu ya kusema."

Aliutazama mtungi, akamtazama mumewe, akaona kwamba kimoja kati ya viwili hivyo lazima kiharibike. Akasema kwa sauti ya chini:

"Kasiksi yako iko na harufu ya ndizi yenye imelala mu shimo, na moshi kidogo. Inaingia mu mwili sawa jua ya asubuyi mu mugongo. Sijakunywa ya muntu mwingine nikasahau yako. Hata hii ya Ulaya."

Mbonigaba akaketi.

"Umeiharibisha," akasema.

"Weye njo umeiharibisha. Saa hii utaenda kwa Jérôme umuombe bia ya bakwe. Weye mwenyewe, na miguu yako."

"Nitaenda."

Lakini hakuondoka. Alilivuta jiwe la kunolea karibu na Drocella, akalipangusa vumbi ili mkewe aketi.

"Kama imekwisha kuharibika," akasema, "rudilia tena. Pale pa kusema hukusahau yangu."