Miguu Iliyokwisha Kusimama

Aliyetangulia kuikita miguu yake miwili chini, mahali pale ni pake. Amjiaye kwa kasi na kumgonga ndiye mwenye kosa. Hakuna Mkenya aliyecheza mpira wa kikapu siku za Ijumaa alasiri, katika uwanja wa saruji nyuma ya mtaa wa Kandara mjini Jeddah, ambaye hakuijua sheria hiyo. Aliyewafundisha ni Zablon, mlinzi wa lango la ghala na refa wao.

Naye ndiye aliyeivunja. Katika fainali ya mwaka 2014, dhidi ya madereva wa mtaa wa Sulimaniyah waliotoka Riyadh, mmoja wao, Elkanah, alisimama chini ya kikapu kama nguzo. Robinson wa Jeddah akamparamia kifuani, kisha akatupa mpira, ukaingia. Zablon aliiona miguu ile imetulia. Lakini Robinson aliishi naye chumba kimoja, na Jeddah walikuwa karibu kulitwaa kombe. Akaweka mikono kiunoni, ishara kwamba mkabaji ndiye aliyeziba njia isivyo halali. Kikapu kikahesabiwa, Jeddah wakashinda kwa pointi moja.

"Ndugu refa," Elkanah aliuliza, angali chini, "nilisogea?"

"Ulisogea."

"Sikusogea. Wala sitasogea."

Wiki tatu baadaye alifia kwenye usukani huko Riyadh. Mwaka mzima maiti ikakaa hospitalini, kwa kuwa kafili wake, tajiri aliyemdhamini kazini, hakutia sahihi karatasi za kuisafirisha. Kila aliyeuliza habari zake alijibiwa na wenzake, "Hajasogea." Walisema bila kujua wasemalo. Zablon alijua.

Maana tangu hapo, vumbi la jangwa lilipotanda uwanjani, palikuwa na sehemu mbili chini ya kikapu, zenye umbo la nyayo, ambazo hazikushika hata chembe. Alifagia. Alimwaga maji. Hazikufutika.

Fainali iliyofuata ilikuwa baina ya timu zile zile. Mara nne Zablon aliwaona wachezaji wakijipinda hewani kupakwepa mahali pale, kisha wakitazama nyuma kama watu waliosahau walichokusudia. Dakika ya mwisho, Jeddah wakiwa nyuma kwa pointi moja, Robinson alichomoka na mpira. Mbele yake peupe. Akaruka.

Kifua chake kikalia kama gunia lililobwagwa ukutani. Alirushwa nyuma, akaanguka chali. Mpira ukamponyoka, ukazunguka ukingo wa chuma, ukaingia.

"Hesabu, refa!" akapaza sauti Duncan, nahodha wa Jeddah. "Ameteleza tu!"

"Ameteleza kwenda nyuma?" akadakia Julius, nahodha wa Riyadh. "Huyo amegongwa na lori, bwana."

"Lori gani? Mafi, hakuna mtu hapo! Refa, wewe unaona mtu?"

Zablon aliinamisha macho. Zile nyayo mbili zilikuwa safi, visigino sambamba, na katika joto lile la Jeddah ubaridi ulipanda kutoka kwenye saruji ukamshika magoti, ubaridi wa vyumba ambavyo watu hungoja humo bila kupumua. Hakuna sauti iliyomwuliza kitu. Hata hivyo alijua kwamba anaulizwa.

Akapuliza filimbi, akapiga ngumi katika kiganja: kosa la mshambuliaji. Kikapu hakihesabiwi.

"Amemgonga nani?" Duncan akafoka. "Taja jina, mzee wewe!"

"Elkanah. Na mwaka jana vilevile. Hakusogea. Nilimwona, nikasema uongo."

Duncan akamgeukia Robinson apate kuungwa mkono. Robinson alikuwa ameketi, kiganja kifuani, midomo imekauka.

"Ni yeye," akasema. "Kifua kile nakijua."

Kanuni ya mashindano haikuwa na tafsiri mbili: refa aliyepotosha kwa makusudi huvuliwa filimbi, na ushindi alioutoa hubatilika. Duncan alilileta kombe la mwaka jana, akamkabidhi Julius. Zablon alijivua filimbi shingoni, akaiweka mkononi mwa nahodha huyo wa Riyadh, kisha akasimama kando ya mstari. Watu wakampita mmoja mmoja. Hakuna aliyempa mkono, naye hakuunyosha wake.