Kiti cha Mzee Pole

Alhamisi, siku ya unasihi wa afya, nesi wa kampuni alipanga mizani na utepe wa kupimia viuno katika chumba kilichopakana na ukumbi wa simu. Wapokea simu waliingia mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa yule waliyembandika jina la Mzee Pole, kwa kuwa kutwa kazi yake ilikuwa kuwapa wateja pole. Aliingia na kiti chake. Kilikuwa kimemganda makalioni tangu wiki iliyopita, magurudumu yakining'inia nyuma.

"Kinauma?" nesi aliuliza.

"Hakiumi, dada. Kulala tu ndiyo kazi. Mke wangu anasema nimemletea samani ya bure."

Nesi alicheka, akampima na kiti chake, kisha akatoa uzito wa kiti. Kilo zimepanda, kiuno kimepanda, presha ndiyo usiseme, na sukari ilikuwa inabisha hodi. Akampa ushauri wa siku zote: ale bila haraka, atembee nusu saa, akae kidogo.

"Nikae kidogo vipi, dada? Nikiinuka tu, msimamizi ananikodolea macho. Hata msalani naenda kwa kunyoosha mkono."

Nesi alilijua hilo. Ofisi ya meneja ilikuwa mlango wa pili, lakini hakutaka kutia kitumbua chake mchanga.

"Jitahidi, kaka yangu," akasema.

Naye alijitahidi, maskini. Kila alfajiri alizunguka mtaa na kiti chake, majirani wakimpisha. Meneja aliposikia, alimsifu mbele ya wote, kisha akamrudisha kwenye simu.

Alifia hapo hapo, katikati ya kumpa mteja pole. Kaburi lilichimbwa pana. Fundi wa kampuni alikuja msibani na bisibisi kuulizia kiti. Mjane akamwambia akichukue akiweza. Hakuweza, akabaki kuzika.

Nesi alilia kuliko ndugu wa marehemu. Alimpenda, ndiyo, lakini zaidi alijutia kimya chake.

Kabla mwaka haujaisha, nusu ya ukumbi walikuwa wakienda nyumbani na viti. Meneja, mtu wa huruma, aliagiza viti vyepesi zaidi. Kwenye mizani nesi aliendelea kutoa uzito wa kiti cha zamani, hivyo kila aliyegandwa na kiti kipya akaonekana amepungua, programu ya afya ikasifiwa, na nesi akatunukiwa cheti. Alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na akajichukia.