Vidukari Kwenye Mdanzi wa Behija

Majani machanga ya mdanzi wa Behija, mchungwa mchungu wa uani, yalikuwa yamejikunja kama vidole vya mtu mwenye baridi. Aligeuza moja. Vidukari! Wadudu weusi, wamebanana kama ufuta juu ya mkate, na vitumba vya maua ndiyo kwanza vinachungulia.

Kule katika mji wa Nabeul mama hamwozi binti bila chupa ya maji ya maua ya mdanzi wa kwao, na Sundus, kitinda mimba wake, alikuwa anaolewa kiangazi hicho. Kununua ya dukani? Afadhali kumkaribisha mkwe kwa sahani tupu.

Basi akatwanga vitunguu saumu na pilipili kavu zilizotungwa ukutani, akavitia kwenye chungu cha shaba alichokenekea maji ya maua tangu alipoolewa. Kwake yeye, kitu hakijawa dawa mpaka kigeuke mvuke kisha kidondoke.

Jirani yake Mongia akachomoza kichwa juu ya ukuta.

"We Behija! Unampika nani humo, shetani?"

"Dawa ya vidukari."

"Kwenye chungu cha maua? Mama yangu wee! Bibi harusi atanukia mchuzi!"

Behija akanyunyiza yale maji meupe yaliyodondoka. Kulipokucha vidukari walikuwa palepale, wanafyonza kama wageni walioalikwa.

"Mama, dawa yako wameifanya supu," alisema Sundus, kaziba pua.

Behija akachovya kidole katika yale maji, akalamba. Hayawashi. Akalamba machicha yaliyobaki chunguni, machozi yakamtoka, kisha akaangua kicheko. Kumbe ukali wa pilipili haukupanda na mvuke, ulikaa chini!

Akayachuja machicha kwa kitambaa, akazimua kwa maji, akakorogea sabuni ya zeituni, akanyunyiza jioni, chini ya majani, kabla maua hayajafunguka na nyuki hawajaja. Akarudia tena na tena. Vidukari wakakauka, wakapukutika. Maua yakafunguka meupe pe.

Ila chungu! Alikisugua kwa majivu, siki na maganda ya limau, nacho kikazidi kunuka saumu. Na msimu wa maua hakuna anayemwazima mwenzake chungu.

Mongia akachomoza kichwa tena, safari hii kwa upole. Mdanzi wake, ulio kivulini na huchelewa kuchanua, nao ulikuwa umejikunja majani.

"Behija, shoga yangu, yale machicha yamebaki?"

"Yapo. Na chungu chako hakijambo?"

"Chungu hakiazimwi, wajua."

"Basi na machicha hayaazimwi."

Mongia akacheka mpaka akashika ukuta. "Mchawi we! Lete ndoo, uje uchukue chungu."

Siku ya kukabidhi chupa, mama mkwe wa Sundus, Bi Hasiba, alikuja uani kwa Behija, akadondosha tone kwenye kahawa, akafumba macho. "Haya ndiyo maji ya maua." Kisha akanusa hewani. "Lakini nani anapika saumu?"

"Jirani yangu Mongia," Behija akajibu upesi.

"Mwongo!" ikaitika sauti nyuma ya ukuta.